Meno ya Ghalani

Daktari Lydia alibandika picha mbili kwenye ubao wenye taa: ya siku jino la Kasimiri lilipong'olewa na skrubu ya jino bandia kuwekwa papo hapo shimoni, na ya leo, miezi minne baadaye.

"Mfupa kupungua kidogo baada ya kung'oa ni kawaida, mzee. Lakini huu wako umeshuka hadi mzunguko wa tatu wa skrubu. Ukiendelea hivi, skrubu itatoka, na hapatakuwa na mfupa wa kushika nyingine. Unatafuna nini upande huu?"

"Uji tu. Na viazi."

Daktari akamtazama.

"Na mahindi," Kasimiri akakiri. "Ila siyali, daktari. Nayapima."

Mwaka wa kumi na tisa huu alikuwa mpimaji kwenye ghala la Halfani. Gunia likishushwa, huchota punje, akaing'ata. Ikipasuka kwa mlio, ni kavu. Ikibonyea, mzigo unarudi kijijini Mwazye kuanikwa tena. Kipimo cha unyevu kilikuwepo, kimefungiwa kabatini mwaka wa pili kikisubiri stika ya ukaguzi ya ofisa wa vipimo, na ofisa naye akisubiri gari la kumleta. Meno hayakudaiwa stika. Ya kulia yalikwisha kazini humo humo, na kushoto ndiko kwenye hii skrubu iliyomeza bei ya ng'ombe wake wawili wa plau. Upuuzi mtupu, na alikuwa amechoka nao.

Halfani aliisoma barua ya daktari akiwa amesimama mlangoni pa ghala: asing'ate kitu kigumu miezi sita. Trekta la watu wa Mwazye lilikuwa linangoja na tela limejaa.

"Kitoe kile kipimo, bosi," Kasimiri alisema.

"Bila stika? Faini utalipa wewe, mzee wangu?"

"Na taya langu atalilipa nani?"

Halfani aliikunja barua. Alimgeukia mfagiaji. "Silvana, weka ufagio chini. Meno yako yote yapo?"

"Yapo, bosi."

Mshahara wa mpimaji ni mara mbili ya wa mfagiaji, na Silvana alilijua hilo. Akapokea punje, akaing'ata.

"Kavu," akasema, uso umemng'aa.

Kasimiri alitamani kumpokonya ile punje. Alikuwa na hasira, hakujua aitupe kwa nani. Akamsogelea.

"Usitumie upande mmoja, dada," akamwambia. "Uwe unabadilisha. Utadumu kidogo."