Stelingi ya Baba

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa ofisi, na watu wa ofisi wanapenda mambo yaamuliwe kikaoni. Basi aliitisha kikao sebuleni, akakaa kwenye kiti cha Baba, akatangaza kwamba mzee ana miaka sabini na tatu, mikono imechoka, na gari linayumba barabarani kama lililolewa. Juzi lilikuwa limegonga pipa la taka la jirani. Jumapili saa nne asubuhi angekuja kuchukua funguo, na gari lingeuzwa. Baba hakujibu kitu. Alikuwa akitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, na ukimya huo ndio ulionipandisha hasira.

Mimi ni fundi magari. Baba ndiye aliyenifundisha kazi, na alipostaafu akaniachia gereji. Gari lenyewe ni la michezo, la milango miwili, jekundu lililopauka, limekaa chini kiasi kwamba kushuka ni kama kuinuka mkekani. Tunaliita Mshale. Hakuna aliyewahi kuliendesha ila yeye, wala kulitengeneza ila yeye, na mimi sikuwahi hata kuchungulia uvunguni. Ningechungulia, ningejua mapema. Mganga hajigangi.

Alhamisi nikamwambia alilete gereji. Nikalipiga jeki, nikashika gurudumu la mbele kingo zake mbili, ya kushoto na ya kulia, nikalitikisa. Likagonga: kwa, kwa, kwa. Viungo vinavyoshikanisha stelingi na magurudumu vilikuwa vimekwisha kabisa, mipira imepasuka, grisi imekauka ikawa vumbi. Nikaingia ndani nikazungusha stelingi. Robo nzima ya mzunguko ilipita bure kabla matairi hayajashtuka.

"Baba, hii imeanza lini?"

"Hiyo? Miaka mingi. Unaizoea tu. Ukiona kona inakuja, unaanza wewe mapema."

"Lingekuwa gari la mteja, ungelitoa nje ya geti hili?"

"Hata kwa bunduki nisingelitoa."

"Sasa kikaoni ulinyamaza kwa nini?"

Akajifuta mikono, ingawa haikuwa na grisi. "Labda kweli ni mikono, mwanangu."

Nilitamani kulia na nilitamani kumrushia spana, vyote kwa pamoja. Nikamwambia kwamba Jumapili hakuna atakayechukua funguo ya mtu. Akacheka kidogo, cheko la kumridhisha mtoto.

Sikutaka kurudishia viungo vya aina ile ile. Vya zamani vilikuwa vimezibwa, grisi ikikauka ndiyo basi tena. Nikazunguka maduka ya vipuri mpaka nikapata vya toleo la baadaye la gari hilo hilo, vinene, vyenye tundu la kupigia grisi. Mwenye duka akaniuliza kama nataka kushindana mbio. Nikamwambia nashindana na kaka yangu.

Ijumaa nzima ilikuwa vita na kutu. Nilimwagia nati mafuta, nikagonga, nikazitukana, nikagonga tena. Zilipoachia, nikaanza kufungua kiungo cha kwanza huku nikihesabu mizunguko, kwa sababu kipya lazima kikae pale pale kilipokaa cha zamani. Baba alinifundisha kuhesabu kwa sauti. Alikuwa akisema ukikosea, angalau ukuta utakuwa shahidi.

"Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa," nikasema, kikachomoka.

"Usizungushe kumi na tisa kwenye hicho kipya," Baba akasema kutoka kwenye stuli yake. "Shingo yake ni ndefu. Magurudumu yatatazamana kama majirani waliogombana."

Alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimeshakishika tayari kukosea. Basi Jumamosi tulipima kwa kamba, kama zamani. Niliifunga kwenye tairi la nyuma, Baba akachuchumaa mbele akaivuta upande wa nje, mimi nikawa narekebisha mpaka kamba ikaligusa tairi la mbele sawasawa pande zote mbili. Ilichukua asubuhi nzima. Mara nikagundua kitu: kamba ile, iliyovutwa kwa mikono inayosemekana imechoka, haikutetemeka hata chembe. Sikumwambia. Nilitaka aambiwe na barabara.

Nikalijaribu mwenyewe. Mshale ulinyooka kama jina lake. Nikalala usingizi wa mshindi, na hapo ndipo nilipokosea.

Jumapili saa nne kamili kaka alifika na shati lake la kikao. Nikamwomba jambo moja tu: akae kando ya Baba, wazunguke mtaa mara moja. Mimi nikajibana kwenye kile kinafasi cha nyuma, magoti yakinigusa kidevu. Tukaenda vizuri mpaka kona ya kwanza. Ghafla gari likachupa kushoto, likapanda ukingo wa barabara, likasimama shubiri moja kutoka ukutani.

"Mmeona wenyewe," kaka akasema. Hata hakuwa na furaha. Uso ulikuwa umempauka.

Baba akazima injini. Akachomoa funguo, akamnyooshea. "Chukua, baba. Ulikuwa na haki."

Kaka akaipokea. Lakini mimi kutoka nyuma nilikuwa nimeiona mikono ya Baba vizuri. Ilikata ile robo kabla kona haijafika, kama ilivyokata kila siku kwa miaka. Safari hii gari lilikuwa limemtii.

"Rudisha hiyo funguo," nikasema.

"Dada, tafadhali..."

"Rudisha! Sishuki, na wewe hushuki. Baba, ile robo haipo tena. Niliitoa mimi, sikukwambia. Usitangulie. Kona ije kwanza, ndipo ukate."

Baba akaitazama stelingi. Akaigusa kwa vidole viwili, akaisogeza kidogo tu, na nje magurudumu yakasogea papo hapo. Akarudia. "Mzoea punda hapandi farasi," akanong'ona, akamnyooshea kaka kiganja bila kumtazama. Kaka akasita, kisha akaiweka funguo.

Tulizunguka mtaa mara nne. Mara ya kwanza polepole, Baba akijiambia kwa sauti, "Ngoja. Ngoja. Sasa." Ya pili kimya. Ya tatu kaka aliachia kishikio cha mlango. Ya nne haikuwa na sababu yoyote, Baba alitaka tu.

Getini akaegesha sambamba na ukuta, akazima. Hatukushuka mara moja.

"Nilikuwa nimeshaamini," akasema. "Usiku nilikuwa nafanya mazoezi ya kushika kikombe."

Kaka alishuka kwanza, akazunguka hadi mlango wa dereva, akanyoosha mkono amwinue. Baba akaupokea, akautikisa tu kama mtu anayeagana na mgeni, funguo akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akainuka mwenyewe.