Mpangaji

Katika miezi minne Mama alinipigia simu mara kumi na tisa kuniambia kompyuta yake imegoma. Mara zote kumi na tisa nilimjibu hivyo hivyo: zima, washa, ukiona majina mawili bonyeza mshale wa chini haraka, usizubae. Mimi ni fundi wa kompyuta. Wateja huwa nawavumilia mchana kutwa, kisirani chote nawawekea wa nyumbani.

Mara ya ishirini nilibeba begi langu la kazi nikaenda mwenyewe.

Mama ni mshonaji. Chumba chake kina cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa michirizi ya chaki, na juu ya kabati la vitambaa, kompyuta ya marehemu Baba, ambamo huweka vipimo vya wateja. Baba ndiye aliyempa nafasi humo. Aliigawa diski sehemu mbili, mfumo wake huku, mfumo wa Mama kule, ili Mama asije akamfutia barua zake akitafuta kiuno cha mtu. Ukiiwasha inaleta orodha ya majina mawili, aliyoyachapa yeye mwenyewe. La juu: Mwenye Nyumba. La chini: Mpangaji. Walitaniana hivyo miaka. Mama akikawia kwenye kompyuta, Baba alikuja kusimama mlangoni kuuliza mpangaji atahama lini. Sekunde kumi zikipita hujachagua, kompyuta inajiendea yenyewe kwa Mwenye Nyumba.

Na kwa Mwenye Nyumba hapakuwa na kitu tena. Baada ya Baba kufariki diski ilijaa, na kaka yangu, akitaka kumpa Mama nafasi ya picha za magauni, alifuta upande wote wa Baba. Kabla ya kufuta alinipigia kuuliza kama nimeshanakili vitu vyake. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimenakili picha, basi; kingine sikukitazama, nilikuwa na haraka zangu. Kaka akafuta kila kitu isipokuwa lile jina kwenye orodha, maana majina hukaa mahali pengine na yeye hakujua. Mama hatukumwambia. Tulijidai tunamwonea huruma, kumbe tulikuwa tunamwogopa.

Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mkanda wa kupimia shingoni. Nikamwomba aiwashe nione anavyofanya. Majina yakatokea, hesabu ikaanza kushuka kutoka kumi. Kidole chake kilikuwa juu kabisa ya mshale wa chini. Hakubonyeza. Alilitazama jina la juu mpaka hesabu ikaisha, kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja mweupe wa kusema hakuna kilichopatikana.

"Mama, mbona hubonyezi?"

Alivua mkanda shingoni, akaukunja taratibu mpaka ukaisha.

"Siku zile za mwisho wodini," akasema, "baba yako aliniambia kuna kitu ameniandikia. Akasema kipo kwake, nitakikuta. Sasa kila asubuhi namgongea yeye kwanza. Nasema labda leo atafungua."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi, fundi wa humu humu ndani. Akajibu kwamba hayo ni mambo ya mtu na mumewe, hayahitaji fundi.

Nimewaambia watu wengi kwamba vitu vyao havipo tena, nina hata sauti yangu ya kusemea hivyo, ya upole na ya haraka. Siku hiyo sikuiona.

"Mama, upande wa Baba ni mtupu. Kaka alifuta, na ni mimi niliyemwambia afute. Nilisema nimenakili vyote. Sikunakili."

Nikatoa vifaa vyangu, nikapekua ile diski tangu saa nne mpaka saa nane, nikijua ninachokitafuta kimeshafunikwa na picha zilizowekwa juu yake. Kila nilichokifukua kilikuwa gauni. Yeye alikaa kwenye cherehani akipinda upindo wa sketi, akiinua macho kila mashine yangu ilipolia. Nilipofunga vile vifaa alielewa bila kuambiwa.

"Kumbe muda wote huo nilikuwa nabisha hodi nyumba isiyo na mtu," akasema. Aliyelia ni mimi. Alinipa kipande cha kitambaa nijifute, akaniambia niliondoe lile jina, lisiendelee kumdanganya.

Kazi yenyewe haifiki dakika mbili. Unaingia kwa upande ulio hai, unafungua mahali majina yalipoandikwa, unakagua mara tatu usije ukaondoa la mzima, kisha unaondoa la marehemu. Nilikagua mara tano. Nikaondoa.

Jina likibaki moja, orodha haina kazi tena. Fundi yeyote hapo huiondoa pamoja na zile sekunde, kompyuta ifunguke moja kwa moja. Nilikuwa nimeshapeleka mkono Mama aliponishika.

"Hilo la chini aliliandika nani?"

"Baba."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, Mama."

"Aliniambia ameniandikia kitu," akasema. "Liache."

Nikaliacha, na sekunde zake kumi. Mama akazima, akawasha upya. Likatokea peke yake kwenye kioo cheusi, Mpangaji, hesabu ikishuka chini yake, na yeye amepakata mikono, hagusi chochote, mpaka sekunde ya mwisho ikapita, kompyuta ikamfungulia.