Asubuhi Miguu Ilipogoma

Wiki ya arusi ya binti yao Chérie, Generose aliamka mapema kama kawaida, akatoka kuwasha makaa. Aliporudi ndani alimkuta mume wake, Bonaventure, angali amelala chali, ameshika ukingo wa kitanda.

"Papa Chérie, hauamuke leo?"

"Nataka kuamuka. Miguu ndiyo haitaki."

Alidhani ni mzaha, maana tangu waanze kulima mpunga pale Kiringye mwanaume huyo hakuwahi kukutwa na jua kitandani. Akamvuta mikono. Bonaventure akasimama, magoti yakalegea, wakaanguka wote wawili juu ya godoro. Generose akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akainuka, akamshika magoti.

Agnès, dada ya Bonaventure, aliyekuja kusaidia kupika, akaingia na mwiko mkononi. Yeye jibu alikuwa nalo tayari: hiyo iko sumu ya watu wenye wivu na arusi, na anamjua mzee mmoja wa kuitapisha.

"Wifi, kama iko sumu, hata hospitali wataiona," Generose alisema, na akaita pikipiki.

Dereva mbele, Bonaventure katikati, Generose nyuma amemkumbatia kwa nguvu asidondoke. Wanawake waliokuwa wakienda shamba walipowaona wamebanana vile wakadhani ni shangwe za arusi, wakapiga vigelegele.

"Uwapungie mukono," Generose akamnong'oneza.

Mkono ulikuwa mzito, lakini akaupunga.

Hospitalini daktari Noella alimwambia atabasamu, atoe ulimi, anyanyue mikono yote miwili, avute pumzi ndefu. Akamgonga magoti kwa nyundo ndogo.

"Kama ungelegea upande mumoja tu, ama mudomo ungepinda, ama maneno yangekwama, ningewaza mushipa wa kichwa umeziba ama umepasuka, na hapo hakuna kungojea. Yako iko pande zote mbili. Umehara? Umetapika? Unakunywa dawa gani?"

"Hakuna dawa," Bonaventure akajibu, akitazama dirisha.

Generose alilijua vizuri dirisha hilo. Kila alipofichwa jambo, mume wake alikuwa na dirisha la kutazama. "Papa Chérie."

Ndipo yakatoka. Alikuwa amenunua viatu vya arusi Kavimvira, vya ngozi, vyenye ncha. Lakini kwa kushinda amesimama shambani kwenye joto, miguu ilikuwa imevimba, viatu vikakataa kuingia. Jirani yao Ndayiragije akamgawia vidonge vyake vya tansiyo, vya kushusha presha ya damu, vile vya kukojoza. Miguu ikaanza kupungua. Bonaventure akaona raha, akaongeza.

"Kumbe ndiyo maana unatoka inje usiku mzima," Generose akasema. "Na minye nikafikiri unawaza kuachana na mutoto."

"Na hiyo pia," akajibu polepole.

Damu ilipopimwa, daktari akaeleza kwamba potasiamu, chumvi inayoifanya misuli ikaze, ilikuwa imetoka pamoja na mkojo. Sahani kubwa ya ugali jioni huzidi kuishusha ndani ya damu, ndiyo sababu asubuhi ikawa mbaya zaidi. Ikishuka sana hata moyo hukosa mwendo wake. Wakamlaza, wakamtundikia serumu yenye potasiamu, ya kushuka taratibu, wakaangalia moyo na figo, vilikuwa salama.

Kesho yake Bonaventure alivuka uwanja wa hospitali bila kushikwa. Generose alitembea kando yake akizihesabu hatua zake, asije akalia mbele ya wagonjwa. Waliruhusiwa na maneno machache: asinywe tena dawa ya mtu mwingine, ale ndizi, maharage na mboga za lengalenga, arudi kupimwa, na miguu ikivimba tena aje nayo ilivyo. Viatu vya ncha Agnès alivipeleka kwa mwanawe, ambaye miguu yake ilikuwa myembamba.

Jumamosi, kanisani Kavimvira, Bonaventure alimpeleka Chérie mbele akiwa amevaa kandambili nyeusi za ngozi. Alienda polepole, na kwaya ikalazimika kuurudia wimbo tangu mwanzo. Hakuna aliyelalamika.

Baadaye ngoma zilipokolea, Generose alimletea kiti.

"Ukae, Papa Chérie. Umeshachoka."

"Weye ndiye umechoka," akasema, akakisukuma kiti kando, akamshika mkono.

Wakaingia katikati ya vijana. Alicheza vibaya sana, kama alivyocheza maisha yake yote, na Generose akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.