Nyongeza ya Kadi

Siku ya kufungua shule, dirisha la malipo lilifunguliwa saa mbili asubuhi, na kufikia saa nne foleni ilikuwa imetoka barazani, ikapita bomba la maji, ikafika kwenye mikaratusi. Wazazi walikalia masanduku ya bati ya watoto wao na kuyasogeza kila mmoja alipomaliza. Minza alikuwa njiani tangu juzi kutoka Sikonge, kwanza nyuma ya baiskeli ya shemeji yake, kisha kwa miguu baada ya gurudumu kupasuka, na nyayo zilikuwa zimemvimba. Binti yake Kashindye alisimama nje ya uzio pamoja na wasichana wengine ambao hawajalipiwa. Sare yake bado ilinukia mkaa wa pasi. Utaratibu wa shule ulijulikana: asiyelipiwa mpaka jioni, kitanda chake anapewa mwingine, kwani wasichana walikuwa wengi kuliko vitanda.

Minza hakuwa na wasiwasi, maana alikuwa na kadi. Tangu chama cha warina asali kianzishwe huko kwao, asali yote iliuzwa kwa chama, nacho hakikutoa fedha papo hapo. Kilitoa kadi ngumu, na kila debe lililopimwa liligongewa muhuri wake. Fedha zenyewe zilikuja mwisho wa msimu, au mwisho wa msimu uliofuata, kadiri Mungu na Dar es Salaam walivyopanga. Maofisa waliozunguka vijijini walisema kadi inakubalika shuleni. Hawakusema inakubalika kwa bei gani.

Karani aliitwa Wenceslaus, kijana mpole aliyekuwa na alama ya wino mdomoni. Aliipokea kadi, akaigonga, akaandika stakabadhi, lakini hakumpa.

"Ada imekwisha, mama," alisema. "Imebaki nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

"Ya kadi. Anayelipa taslimu halipi nyongeza."

Alimweleza kwa upole kwamba shule itakisubiri chama, na chama kitaisubiri Dar es Salaam, na kusubiri kuna gharama zake. Minza akauliza kama nyongeza nayo inaweza kukatwa kwenye kadi. Wenceslaus akasema hapana, nyongeza ya kadi hulipwa taslimu. Minza akamwambia kuwa angekuwa na taslimu asingekuja na kadi. Karani akakubali kwamba ni kweli, na kwamba tangu asubuhi kila mzazi amemwambia hivyo hivyo. Stakabadhi akaiweka chini ya jiwe upepo usije ukaichukua.

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Minza alichukua kibuyu cha asali alichokuwa amekileta kwa ajili ya kumpa mtoto ale na wenzake bwenini, akaenda nacho mjini kwa Kanji, mwenye duka ambaye miaka ya nyuma ndiye aliyekuwa akinunua asali yao yote. Kanji alifungua kizibo, akanusa, akafumba macho kidogo. Akasema hiyo ni asali ya miyombo, ya mwanzo wa msimu, na kwamba hawezi kuinunua. Tangu Azimio, asali ilikuwa mali ya chama, na wakaguzi walipita dukani kwake kila wiki wakionja hata sukari. Fedha ya kukopesha hakuwa nayo. Rafu zake zilibaki na viberiti na dawa ya viatu. Alimpa chai. Minza aliinywa kwa sababu alikuwa na njaa, akashukuru, akarudi shuleni.

Alifika wakati foleni inajigawa katikati kupisha msafara. Shule ilijengwa juu ya njia ya zamani ya kutoka pwani, ile inayopita Tura, na waliojenga hawakuwauliza wapagazi waliokufa, nao wapagazi hawakuona sababu ya kubadili njia. Ndiyo maana ofisi ya karani ilikuwa na milango miwili inayotazamana. Wafu hao walipita kila siku, wanafunzi wakishakula, kila mmoja akimalizia mzigo ambao hakuufikisha alipokuwa hai. Waliingia mlango huu na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, wakatokea mlango ule, wakaenda kutua mjini. Aliyetua alikwenda kupumzika na hakuonekana tena. Msafara wenyewe ulikuwa mrefu. Miaka yote hiyo mkia wake ulikuwa haujafika. Wenceslaus alilalamikia vumbi tu.

Mzee Ngollo, baba yake Minza, alikuwa mmoja wao. Katika ujana wake alishikwa na homa huko Ugogo, akaacha mzigo wa watu kichakani, na aibu hiyo aliishi nayo mpaka Minza alipomzika. Majuzi mfanyakazi wa reli alileta salamu kwamba mzee ameonekana Tura, amekaa stesheni anakanda magoti, na kwamba gari moshi liliposimama alikataa kupanda kwa kuwa hana tiketi. Kwa hiyo Minza alijua kwamba zamu yake imekaribia. Alipomwona anaingia barazani, mzigo begani na fimbo mkononi, alipiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umezeeka, Minza."

"Ndiyo, baba."

Mzee alimuuliza anangoja nini juani. Minza alimweleza yote, kadi na nyongeza, kwa Kinyamwezi, na alipofika kwenye nyongeza hakupata neno la Kinyamwezi ikabidi alitaje hivyo hivyo. Mzee alisikiliza huku amesimama, maana mpagazi hatui ovyo. Kisha akasema kwamba kitu hicho anakijua vizuri. Njia nzima kutoka pwani waliwalipa watemi hongo ili wapite. Kila mtemi alikuwa na ngoma yake na bei yake. Akasogea dirishani.

"Mtemi wa hapa ni nani?" alimuuliza karani.

"Hakuna mtemi, mzee. Watemi wameondolewa."

"Basi hongo anakula nani?"

Wenceslaus alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mimi napokea tu," alisema.

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kujibiwa hivyo mahali pengi. Mkono mtupu haulambwi, alisema, na akaushusha mzigo.

Minza alimshika mkono. Kutoka pale mabati ya mjini yalionekana. Palibaki mwendo wa kwenda kununua chumvi na kurudi. Mzigo ule ulikuwa wa tajiri aliyemwamini, na ukifunguliwa njiani haukuhesabika kuwa umefika. Alimwomba baba yake asiufungue. Alimwomba mara moja tu, na baadaye aliona haya kwa hilo, kwa sababu alijua kwamba angeweza kuomba zaidi.

Mzee alitazama uzio. "Yule ndiye mtoto?"

"Ndiye. Kashindye."

"Wanafundishwa nini humo?"

Minza alisema wanafundishwa kusoma na kupiga hesabu.

"Waliojua kusoma mizani ndio waliotupangia mizigo," alisema mzee, akaanza kufungua kamba.

Ilikuwa merikani nyeupe, haijaingia hata nondo, na katikati yake shanga nyekundu. Kirangozi, yule aongozaye msafara, aligeuka akaona, akangoja kidogo, kisha akaendelea na wenzake. Wenceslaus alikwenda kumuuliza Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bertila, na akarudi na jibu kwamba kwa kuwa vitambaa vimeadimika madukani shule inaweza kupokea. Ila malipo ya vitu nayo yalikuwa na nyongeza yake. Vitu lazima vithaminiwe, na kuthamini ni kazi ya mtu.

Mzee Ngollo alikuwa amebaki na mabega. Akauliza kama mabega yanapokelewa. Yalipokelewa. Jikoni palihitajika kuni na maji, na kuhusu muda hakuna aliyesema itakuwa mpaka lini. Karani alitoa stakabadhi chini ya jiwe, akampa Minza kwa mikono miwili.

Kashindye alifunguliwa uzio. Alipiga goti mbele ya babu yake ambaye hakuwahi kumwona, akaamkia, akaitikiwa, akaambiwa aende kusoma. Alikimbia na sanduku lake bila kugeuka, kama watoto wanavyokimbia. Minza alifurahi mpaka machozi yakamtoka, na papo hapo akamwona baba yake anaulizia shoka liko wapi. Alirudi Sikonge na uchovu ambao haukuwa wa miguu.

Muhula uliofuata nyongeza ilikuwa imepanda. Chama kilikuwa bado hakijalipa, na kusubiri kulikuwa kumerefuka. Habari za Mzee Ngollo zilikuwa zimeenea mpaka Nzega na Igunga, hivyo foleni ilikuwa na utulivu kuliko zamani. Wazazi wenye kadi walikaa kwenye masanduku wakiangalia njia ya Tura, kila mmoja akimtafuta wa kwake. Msafara ulipoingia ofisini ulikuwa mrefu, na ulipotoka upande wa pili ulikuwa mfupi. Nyuma ya jiko kuni zilipangwa mpaka juu ya dirisha.

Mchana huo kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mwalimu Bertila alisema kwamba shule imepata sifa wilayani kwa kujitegemea, na kwamba haijaajiri mchukuzi hata mmoja. Akawashukuru wazazi na wazee wao kwa moyo wa kujitolea. Kutoa ni moyo, alisema, usambe ni utajiri. Wazazi walipiga makofi kwa kuwa ndivyo mkutano unavyomalizika.

Minza alimkuta baba yake nyuma ya jiko, amekaa juu ya gogo anakanda magoti. Alimpa habari za nyumbani, nani amezaa na nani mzinga wake umeingiwa na siafu. Nyongeza ya muhula huu mzee alikwisha kuongezewa kwenye kazi yake. Hakuna aliyeona haja ya kumuuliza. Wakakaa. Kutoka madarasani zilisikika sauti za wasichana wakisoma pamoja, na mzee akasema kwamba ya Kashindye ni ile nyembamba inayotangulia wenzake.

"Baba," alisema Minza, "nifundishe kubeba."

"Unabeba tangu utotoni."

"Kwa kichwa. Nifundishe kwa bega."

Mzee alimuuliza anataka kwenda wapi. Minza akasema kwa sasa haendi popote. Ila yeye naye iko siku atakufa, na Kashindye atazaa.

Mzee Ngollo aliinuka, akachagua gogo la wastani, akalipima mkononi.

"Kichwa ni cha mwendo mfupi," alisema. Alimwekea gogo kwenye bega la kushoto, akalisogeza mpaka likakaa mahali pake, akamwambia asikaze shingo. Kisha akamsukuma taratibu mgongoni, na Minza akaenda nalo kuelekea jikoni.