Mafuta Yasiyo na Harufu

Mwaka ule wa themanini na tisa, Nduta alijua hali ya mwanawe kwa kusikiliza mlango wa choo. Choo kilikuwa nyuma ya zizi, na mlango wake wa mabati ulilia kila ulipofunguliwa. Ukilia mara tatu kabla ya chai, Nderitu angeweza kwenda kufundisha. Ukilia mara saba, Wangari, mkewe, angepitia shuleni akielekea sokoni na kumwambia mwalimu mkuu kwamba mume wake hajiwezi.

Hospitalini walikuwa wameuita ugonjwa huo vidonda vya utumbo mpana. Walimpa vidonge vikubwa vya manjano, akavimeza mwaka mzima. Damu ilipungua, ikarudi, ikapungua tena. Nderitu alikuwa na miaka thelathini na moja, na suruali aliyooa nayo sasa aliifunga kwa kamba chini ya mkanda.

Jumamosi moja walikuja wageni wawili. Mmoja alikuwa Chepngetich, nesi aliyeishi hapo hapo kijijini kwao, Yamumbi. Mwingine alikuwa Ogola, mwalimu wa hesabu, rafiki wa Nderitu tangu chuo cha ualimu. Ogola alitoa mfukoni chupa ya rangi ya kahawia, akaiweka mezani karibu na mkate.

"Haya si ya kuponya, Mwalimu," Chepngetich alisema. "Madaktari wa ng'ambo wanayajaribu kwa watu wenye ugonjwa kama wako. Kuna ambao uvimbe wa utumbo umepungua kidogo, na kuna ambao hawakuona tofauti. Nilimuuliza daktari wetu, akasema unaweza kujaribu. Lakini vidonge usiache hata siku moja. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni."

"Ni mafuta ya nini?" Nderitu aliuliza.

"Ya samaki."

Ogola akadakia kwa utani.

"Nyinyi watu wa Murang'a mnaogopa samaki kuliko mnavyomwogopa chifu. Samaki hana hata kadi ya chama, Mwalimu. Atakufanya nini?"

Nderitu alicheka huku ameshika tumbo. "Sijawahi kumwonja maisha yangu yote. Lakini kwa hapa nilipofika, hata nikiambiwa nile chura, nitauliza tu kama ana chumvi."

Nduta hakucheka. Alizaliwa katika nyumba ambayo samaki hakuingia, akaolewa katika nyumba ya namna hiyo, na alipohamia huku Uasin Gishu na mumewe, marehemu sasa, walihama na mwiko wao. Kwake samaki alikuwa ndugu ya nyoka. Wageni walipoondoka alifungua chupa, akanusa, akaifunga haraka. Harufu ilibaki kwenye vidole vyake mpaka kanisani siku ya pili.

Katika ibada hiyo ya Jumapili hakusikia mahubiri. Aliwaza juu ya yule mtawa wa misheni aliyewapanga watoto foleni, zamani, akawanywesha mafuta ya mbarika mmoja mmoja ili kuwasafisha matumbo. Mbarika aliujua. Ulikua nyuma ya jiko lake. Mama yake alikuwa akitwanga mbegu zake, akazichemsha, akaengua mafuta na kuwapaka watoto na maharusi. Nduta mwenyewe alikuwa na chupa ya mafuta hayo chini ya kitanda. Kama mwanawe alihitaji mafuta tumboni, kwa nini yawe ya kile kiumbe, na haya ya kwao yapo? Na kama tumbo lilitoa damu, si ni kwa sababu lina uchafu?

Aliporudi nyumbani, alimwaga mafuta ya samaki kwenye mtaro wa majani ya ng'ombe. Akaisugua chupa kwa jivu na maji ya moto mara tatu, akaijaza mafuta ya mbarika. Hakujiona kama anayedanganya. Alijiona kama mama aliyepata njia.

Yeye ndiye aliyekuwa akimnywesha, kwa sababu Wangari alikuwa akitoka mapema na mboga zake na kurudi usiku. Jumatatu asubuhi vijiko viwili, jioni viwili. Jumanne hivyo hivyo. Jumanne jioni Ogola alipita, akamkuta rafiki yake amejikunja kwenye kiti cha uani.

"Unaendeleaje na samaki wetu?"

"Ni mzito kooni. Lakini mlimsingizia. Hata harufu hana."

"Harufu hana? Basi mafua yamekuziba pua."

"Labda samaki wa mwalimu wa hesabu huoga," Nderitu alisema, na wote wawili wakacheka. Nduta alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Angeweza kusema wakati ule. Alimpa mgeni uji.

Kufikia Jumatano mlango wa choo haukulia tena, maana haukuwa ukifungwa. Usiku Nderitu alitumia ndoo. Nduta alijiambia kwamba uchafu unatoka, na kwamba ukiisha atapumzika. Alhamisi asubuhi Nderitu aligeuza uso ukutani alipoona kijiko. Wangari alikuwa hajaondoka bado. Nduta alimwita, naye akaja akakaa kitandani, akamshika mumewe kichwa kama mtoto, akasema naye polepole mpaka akanywa.

Adhuhuri tumbo lilivimba likawa gumu. Ogola aliazima pikapu, wakamlaza nyuma juu ya godoro.

Hospitalini, daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu. Alimkagua, akaagiza maji ya mshipani, kisha akawageukia wanawake wawili.

"Mbali na vidonge vyetu, alikuwa anakunywa nini?"

"Mafuta ya samaki tu," Wangari alijibu. "Tulielezwa na nesi."

"Hayo hayawezi kumwendesha hivi. Hakuna kitu kingine? Dawa ya kienyeji? Dawa ya kuendesha? Nataka kujua sasa, si kesho."

Wangari akamwangalia mama mkwe wake. Nduta alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, neno moja tu, mbarika, na alilihisi kama kokwa kwenye ulimi. Akatikisa kichwa.

Nderitu alifariki Jumamosi, jua likichomoza, kabla ya kupelekwa kupasuliwa. Daktari alisema ugonjwa ule huweza kugeuka mbaya wenyewe bila kuchokozwa, na kwamba hawezi kuapa ni nini kilichouchokoza.

Kwenye mazishi, Mzee Macharia, shemeji yake Nduta, alisimama kushukuru watu. Akasema kijana wao alikuwa na ugonjwa, ndiyo, lakini aliishi nao mwaka mzima mpaka alipolishwa vitu ambavyo baba zake hawakula. Hakutaja jina. Vichwa vikageuka kumtafuta Ogola, aliyekuwa ameshika shada la maua la walimu. Chepngetich, aliyekuwa karibu naye, aliinamisha macho. Mtu mmoja alipopita alikataa mkono wa Ogola.

Baada ya kaburi kufunikwa, Ogola alimfuata Nduta kando ya zizi.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyeyanunua. Nilimtania mpaka akakubali."

Nduta alimtazama. Shati lake lilikuwa na udongo mabegani, kwa sababu hata jeneza alikuwa amelibeba.

"Hakuyanywa," akasema. "Niliyamwaga. Nilimpa ya mbarika."

Ogola akamsogelea.

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ya samaki."

Ogola akaangalia watu waliokuwa wakipanga viti. "Basi neno hili liishie hapa. Mimi watanichukia mwezi mmoja, miwili, halafu nitaomba uhamisho. Wewe utaishi nao."

"Hapana," Nduta alisema.

Alimwacha, akaenda jikoni. Wangari alikuwa peke yake, akiosha vikombe vya wageni. Nduta alimwambia akiwa amesimama, bila kilio, kuanzia mtaro wa majani mpaka swali la daktari. Wangari hakuacha kuosha. Aliosha kikombe kimoja hicho hicho, ndani na nje.

"Ilikuwa mara ngapi?" akauliza.

"Mara saba."

"Hiyo ya saba nilimnywesha mimi."

"Hukujua."

"Aliniambia yanamkata. Nikamwambia asiwe kama mtoto."

Akakiweka kikombe chini, akafuta mikono kwa kanga. Kisha akatoka, akamwita Mzee Macharia kwa sauti ya kawaida, akamwomba aje jikoni, na Mwalimu Ogola aje pia, maana Mama ana neno la kuwaambia. Nduta alisikia viatu vyao vikija kwenye changarawe, akaivuta stuli, lakini hakuikalia.