Mipira Kumi na Mmoja

Chini ya doa la chai, katika daftari, ukurasa wa mechi ya tisa, palikuwa na maelezo ya mipira miwili iliyofanana. Wa kwanza ulipigwa na nahodha: ulikwenda chini chini, ukamgonga mlinzi kwenye glovu, ukamponyoka. Karani wa timu aliuandika "pigo". Wa pili ulipigwa na mdogo wake Karani, wa tumbo moja, dakika kumi baadaye: chini chini, glovu, ukaponyoka. Huo aliuandika "kosa la mlinzi". Na katika besiboli, mpira ulioponyoka kwa kosa la mlinzi hauhesabiki kwa mpigaji. Ni kana kwamba alipiga hewa.

Karani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Mipira ilikuwa ile ile.

Kesho yake kocha angesoma tathmini ya msimu mzima, na kila ambaye hakufikisha pigo moja kwa zamu nne za kupiga angevuliwa jezi. Mdogo wake alikuwa na mapigo kumi na saba kwa zamu themanini. Yalimpungua matatu. Wiki nzima Karani alikuwa akijiambia kwamba hesabu ni hesabu, tena akijisikia fahari kidogo, maana hakuna ulimi uliothubutu kusema dada anambeba ndugu yake.

Sasa alifungua daftari upya, mechi zote ishirini na mbili, akitafuta kila mpira wa utata. Aliipata arobaini na sita. Wachezaji wengine walikuwa na thelathini na mitano, na kati ya hiyo aliwapa pigo ishirini na sita. Mdogo wake alikuwa na kumi na mmoja.

"Hata mmoja!" alisema peke yake ofisini. "Sikumpa hata mmoja!"

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kukagua mizani madukani. Miaka kumi na minne amekuwa akigongelea muhuri mwekundu mizani zinazowapunja wateja, na mara moja moja hukuta mizani inayompunja mwenye duka mwenyewe. Hiyo nayo huigongelea nyekundu, mwenye duka akabaki kinywa wazi. Karani aliona aibu, aibu ya kweli, ya kupasha masikio moto. Kisha akapiga moyo konde, akachukua mkasi.

Alimkuta kocha stoo ya uwanjani, akipanga magongo ukutani.

"Shikamoo, Kocha. Tathmini yangu ina kasoro. Nimempunja mdogo wangu."

"Marahaba." Kocha hakugeuka. "Msimu mzima umekuwa mkali kama pilipili. Leo, majina yakikaribia kukatwa, ndiyo unakumbuka una ndugu?"

"Najua inavyosikika. Ndiyo maana sitaki uniamini."

Alimwaga mezani vipande arobaini na sita vya karatasi. Kila kimoja kilieleza mpira mmoja, kama alivyokuwa akiandika pembeni mwa daftari tangu mechi ya kwanza: ulipitia wapi, ulimgusa nani, uliponyokaje. Hakikuwa na jina wala tarehe.

"Soma, uamue. Pigo au kosa. Nani ni nani, utajua ukimaliza."

Kocha alimkazia macho. Kisha akavuta kiti.

Ilichukua saa nzima, na vipande vingine alivisoma mara tatu huku akiguna. Walipolinganisha na daftari, ile kumi na mmoja ya mdogo wake ilikuwa imetoa mapigo saba.

"Ishirini na manne," kocha alisema. "Anabaki. Lakini wewe, mama…"

"Mimi siandiki tena." Karani aliweka penseli juu ya meza. "Mtafute mtu asiye na ndugu uwanjani."

Mdogo wake alikuwa fundi rangi. Karani alimkuta juu ya ngazi, nyuma ya zahanati, akamweleza yote bila kupunguza neno. Fundi alishuka taratibu, mkononi ameshika mti mrefu wa rola.

"Hata mimi nilikuwa nahesabu, dada. Ule wa mechi ya tisa nilijua ni pigo."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Wewe hujawahi kukosea mizani ya mtu. Nikasema basi, mkono wangu ndio unanidanganya. Nikabadilisha ninavyoshika gongo."

Karani alikumbuka kurasa zilizofuata, jinsi mapigo ya huyu yalivyoanza kupungua hata pale pasipo na utata. Yale hayakuwa na kipande cha karatasi cha kuyarudisha.

"Nionyeshe ulivyokuwa ukishika zamani."

Fundi aling'oa rola, akashika mti. Mikono ilipanda, ikashuka, ikasita. "Nadhani hivi."

"Sivyo." Karani alikuwa ametazama zamu zote themanini. Alisogea, akamrekebisha kidole kimoja kimoja, rangi ikamganda viganjani. "Mkono huu wa juu ulikuwa mlegevu. Na kiwiko hukukibana. Hivyo."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Usisogee."

Aliokota kitambaa kilicholowa rangi, akakiviringisha kikawa donge, akahesabu hatua hadi getini. Kisha akageuka, akainua mkono tayari kumrushia.