Zamu ya Roho

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha cherehani, wanawake watatu wa kile chumba cha ushonaji walishikana mikono wakasali kwa zamu. Mkata vitambaa alimwomba Baba, mshonaji akamwomba Mwana, na mpiga pasi, ambaye ni wifi yake mshonaji, akamalizia kwa Roho Mtakatifu. Yaliyosemwa pale yaliishia kwenye amina.

Ndivyo mshonaji alivyodhani, masikini! Wiki iliyopita alimlilia Mwana kwamba macho yanafifia, hata tundu la sindano analitafuta kwa kupapasa. Wifi akamkumbatia na kumfuta machozi. Jana bosi akamwita.

"Mama, wifi yako amenieleza habari za macho. Kuanzia kesho utashika pasi, yeye atakaa kwenye cherehani."

Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Leo wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, macho makavu kama hakuna lililotokea. Mkata vitambaa akamshukuru Baba kwa kuwaamsha salama. Mshonaji akafuata.

"Ee Mwana wa Mungu, wewe haya unayajua. Aliyekuuza alichovya nawe katika bakuli moja. Wangu nimemshika mkono hapa."

Mkono wa wifi ukaanza kuchomoka. Mshonaji akaubana.

"Unakwenda wapi, wifi? Hatujasema amina. Zamu yako sasa. Mwite huyo Roho wa kweli, tukusikie."